Shingo ya Muzdalifa

Weusi ule wa shingoni ulimkera Riyama kuliko kitu chochote. Binti wa miaka kumi na tatu, mtoto wa watu, shingo kama masizi ya sufuria! Kila asubuhi alimkamata bintiye Muzdalifa uani kwao, mtaa wa Ng'ambo, akamsugua kwa dodoki, akampaka liwa ya kung'arisha ngozi, na maneno juu yake: hujui kuoga wewe, nani atakuchukua? Mtoto alilia, ngozi ikachubuka, weusi ukabaki palepale.

Jumatatu walimpeleka Bi Amne, mama yake Riyama, kliniki kufungwa kidonda. Sukari ilishamla kidole gumba cha mguu, na sasa ilikuwa inabisha hodi kisiginoni. Muzdalifa alikuja kumshika bibi yake mkono, mkono wa pili una soda. Ushungi ukamteleza. Nesi Rukaiya akaacha bendeji njiani.

"Shingo hii ina muda gani?"

"Taka tu, dada," akasema Riyama. "Mvivu wa kuoga."

"Hii si taka. Mara nyingi hivi ni mwili unashindwana na sukari. Lete kidole, mwanangu."

Riyama alitaka kusema sukari ni ya wazee, lakini nesi alishamchoma mtoto kidole. Kijimashine kikalia: kumi na nne. Hakuhitaji kufasiriwa. Miaka minane alizisoma nambari hizo kwa mama yake, na alijua zinakoishia. Akavuta kiti, akakaa.

"Kesho arudi hajala, tuhakikishe," nesi akasema. "Upande wa baba mna mwenye sukari?"

Bi Amne ndiye aliyejibu, macho chini. "Baba yake, Suhail, mtoto wa dada yangu. Dada kafa nayo, na mama yetu kafa nayo. Nliwaoza mimi, yeye na Riyama. Sikutaka damu itoke nje."

"Damu peke yake haifanyi yote, Bi Amne. Na hizi soda, na chipsi kila jioni, na kushinda na simu kitini." Nesi akamgeukia Riyama. "Una watoto wangapi?"

"Watano."

"Walete wote, na baba yao. Lakini tuanze na wewe."

Riyama akaificha mikono ndani ya buibui. Miezi mitatu sasa kiu haimwishi na nyayo zinamfa ganzi, na hajamwambia mtu. Muzdalifa akautafuta mkono wa mama yake humo ndani, akautoa taratibu, akamkunjua vidole kimoja kimoja.

"Haiumi sana, Mama," akasema, akausogeza mkono ule kwa nesi.