Mlango Usio na Ndani

Alhamisi kabla ya Majilio, yale majuma manne ya kuingojea Krismasi, Ragnfrid alitoka chumbani kwenda kunywa kahawa, akaukuta mlango wa nyumba yake mwishoni mwa korido ya kituo cha wazee. Ulikuwa uleule wa mbao, wa kijani, wenye mikwaruzo ya kucha za mbwa aliyekufa zamani. Nyumba ilikuwa imeuzwa, na wenyewe wapya walikuwa wameuegemeza mlango huo kando ya pipa la taka. Sasa ulikuwa umejipachika kwenye ukuta wa ghorofa ya pili, na nyuma ya ukuta huo hapakuwa na kitu ila hewa na theluji.

"Umechelewa," Ragnfrid akauambia, akaenda kutafuta mkasi.

Aliupamba kila Krismasi tangu alipoolewa, na katika mji wao mdogo wa bandari, kusini mwa Norwei, watu walizunguka makusudi ili wapite mbele yake. Alisuka shada la matawi ya msonobari kwa waya, akachomeka matunda mekundu ya porini moja moja. Juu alitundika mganda wa oti, maana ndege nao wana Krismasi yao. Utepe aliufunga kwa lile fundo ambalo majirani waliliiga miaka nenda miaka rudi, wakashindwa. Mikono ilikuwa imezeeka, lakini kazi ilitoka imenyooka. Ilikuwa raha kumtazama.

Alipokaza fundo, mlango ulibishwa kutoka upande wa pili. Alikuwa mumewe, Torleiv, aliyekaa ng'ambo ya mto katika jengo la wanaosahau. Halmashauri iliwatenganisha kwa sababu Ragnfrid alihitaji mtu wa kumsugua mgongo tu, na Torleiv alihitaji mtu wa kumkumbusha jina lake. Sheria ni msumeno, na huu ulipita katikati ya kitanda chao.

Mlango huohuo ulikuwa umejipachika chumbani kwa Torleiv pia, na huko nako shada lilionekana, kwa kuwa mlango ule haukuwa na ndani. Pande zote mbili zilikuwa nje. Sura ya mkewe ilikuwa imemtoka tangu kiangazi, lakini fundo la utepe alilijua.

"Ndiyo, hapa ni kwetu," akasema.

"Kwenu wapi, na viatu hivyo? Futa kwanza, mzee."

"Umeanza, Ragnfrid."

Akafuta, akaingia.

Tangu siku hiyo alikuja kila baada ya chakula cha mchana. Walikaa koridoni, wakala biskuti za tangawizi, wakabishana nani alimwazima jirani koleo la theluji. Ndege walikuja kudonoa oti, ingawa madirisha hayakufunguka, na wahudumu wakafagia makapi. Mkaguzi wa moto alipima unene wa shada, akaridhika, akalipiga picha amwonyeshe mkewe. Jioni Torleiv alirudishwa kwake, kwa sababu saa za wageni zilikuwa zimekwisha.

"Bibi, shada hili lingeshinda mashindano," alisema Synnøve, mkuu wa kituo.

"Sitaki mashindano, mwanangu. Nataka kitanda cha pili."

"Kitanda hakiruhusiwi. Lakini utepe huu, jamani."

Katikati ya Januari, siku ya Mtakatifu Knut, mapambo yaliondolewa kote mjini, kama desturi ilivyo. Ragnfrid alisimama mbele ya mlango wake.

"Shada hili liacheni."

"Krismasi imekwisha, bibi," Synnøve akamwambia kwa upole.

Wahudumu wawili walilishusha kwa uangalifu mkubwa. Hakuna tunda lililoanguka.

Mchana mlango ulifunguliwa. Torleiv aliutazama ubao mtupu, kisha akamtazama mwanamke aliyekaa na vikombe viwili.

"Samahani, mama," akasema. "Nimekosea mlango."

Akaufunga taratibu, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Ragnfrid alilia, na hakujificha. Kahawa ilipopoa aliinywa yote, yake na ya mumewe, kisha akaomba waya na matawi, akaanza shada jingine. Lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Kila aliyepita koridoni alisimama kulisifu, na Synnøve akamuahidi kwamba litatundikwa mahali pazuri kabisa, mara tu Majilio yatakapofika.