Nafasi ya Sahihi ya Saimon

Dastan alikuja kwenye matanga ya mume wangu na gunia la sukari, akaondoka na wachezaji saba. Sufuria za wali zilikuwa bado mekoni. Aliwapakia kwenye pikapu yake, na wa mwisho kupanda alikuwa Jordan, mwanangu wa kumzaa.

Msamala nzima inajua kwamba timu ya Jembe ilikuwa ya Saimon. Alikuwa mwenyekiti wake miaka kumi na minne, mimi katibu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Zamani mashirika ya umma yalituchukulia wachezaji kwa kuwapa ajira. Saimon alinung'unika, lakini angalau walisubiri msimu uishe. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, Dastan alipata leseni ya kununua tumbaku huko Namtumbo, akaunda timu yake, akaanza kununua na watu. Kila mchezaji alipewa baiskeli mpya.

Wiki moja baada ya matanga alikuja kufuata barua za kuwaruhusu wale saba wahamie kwake.

"Pole tena, shemeji," alisema bila kukaa. "Usinichukie. Mpira siku hizi ni kama tumbaku, mwenye bei nzuri ndiye anayepakia."

"Sina kinyongo," nilimjibu. Nilikuwa nacho hadi kooni.

Sheria ya Kombe la Mavuno, mashindano yetu ya kila mwaka, inataka kila barua iwe na sahihi mbili, ya katibu na ya mwenyekiti. Niliandika barua saba, nikasaini pangu, nikagonga muhuri. Pa mwenyekiti nikapaacha wazi. Dastan alizikunja akazitia mfukoni bila kuzisoma. Kamati ya kombe nayo haikuzisoma; nani akague karatasi za mtu anayewanunulia mipira na soda?

Nikasubiri. Timu yake ilitufunga mabao sita, mawili ya Jordan, na nikapiga makofi. Sikukata rufaa. Nilitaka Dastan apande juu kabisa kwanza. Kwenye fainali waliifunga timu ya wakulima wa Lusewa, akachinja ng'ombe, akalizungusha kombe mjini huku anapiga honi. Jumatatu asubuhi nikavaa gauni langu jeusi la msiba, nikaenda kwenye kamati na nakala zangu za zile barua.

Mzee Pankrasi, mkuu wa kamati, alizitazama zote saba, moja moja.

"Mama, hapa mwenyekiti hajasaini."

"Yuko makaburini, mzee. Dastan anajua. Alikuja matangani."

Dastan, aliyekuwa ameitwa na kamati, alizivuta karatasi akazipekua zote. Ile sura yake bado naikumbuka nikiwa nachota maji, na huwa nacheka peke yangu.

Kombe lilikwenda Lusewa. Wachezaji wote saba wakafungiwa mwaka mzima. Timu moja kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa imemwita Jordan kwa majaribio mwezi uliokuwa unafuata. Hilo nililijua kabla sijavaa lile gauni.

Jioni alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli yake, akasimama mlangoni.

"Mama, ulijua tangu siku ile ulipoziandika?"

"Nilijua."

"Hata yangu?"

"Yako niliiandika ya kwanza."

Aliiegemeza baiskeli ukutani, akaketi kwenye kiti cha baba yake, akalia. Iliniuma, siwezi kudanganya. Niliendelea kuchambua maharage, na radhi sijamwomba mpaka leo.