Vifungo vya Jumatatu

Mimi ni msimamizi wa mstari wa mashati, na watu wakisema nina mdomo, siwabishii. Cherehani arobaini zinanguruma mbele yangu tangu saa moja asubuhi. Bila mdomo nani angenisikia? Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa anashona kola, cherehani ya tatu kutoka dirishani. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Kola ndiyo inayomtoa mshonaji jasho, maana ikipinda kidogo tu shati zima limeharibika, na za kwake hazikuwahi kurudishwa hata moja.

Kaka aliugua siku nne, ya tano tukamzika. Baada ya wiki moja wifi akarudi kazini, akafunga aproni yake, akakaa. Watu wakampa pole, akawaitikia, "Nimeshapoa," na kola zikaendelea kutoka.

Mwezi uleule kiwanda kikaajiri afisa ustawi. Mama mmoja mpole, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, akatukusanya na kutufundisha kuvuta pumzi, utadhani siku zote tulikuwa tunaishi bila kupumua. Tukambatiza Bi Pumua. Akabandika ukutani bango la mwanamke anayecheka peke yake na bilauri ya maji mkononi; mpaka leo sijui maji yale yalimwambia nini. Halafu akaja na mambo ya vifungo. Kila mfanyakazi akashonewa kimfuko chenye namba yake, vyote vikatundikwa karibu na mlango. Jumatatu asubuhi unachukua kifungo kimoja kwenye bakuli unatia kimfukoni mwako: cha kijani ukiwa mzima, cha njano ukiwa hivi hivi, chekundu ukiwa umeelemewa. Sisi wasimamizi tunavikusanya, tunajaza fomu, tunapeleka ofisini.

"Atakayeweka chekundu mara tatu mfululizo," Bi Pumua alituambia, "tutamwita tumpumzishe wiki mbili, mshahara wake uko palepale, na tutamtafutia mtu wa kuzungumza naye."

Nilicheka kimoyomoyo. Miaka sita nyuma ofisi ilitugawia karatasi, tuandike yanayotusumbua. Mpiga pasi mmoja, mtu asiye na makuu, akaandika kwamba hapati usingizi. Mkataba wake ulipoisha hakuongezewa. Kwa hiyo mstari wangu ulijua la kufanya, na Jumatatu ya kwanza vimfuko vyote vilikuwa na kijani kitupu.

Isipokuwa kimoja. Cha wifi kilikuwa na chekundu.

Niliangalia huku na huku, nikakirudisha kifungo kile kwenye bakuli, chini kabisa ya wenzake, na kwenye fomu nikaandika kijani. Nilijiona nimemwokoa. Mtu ana mtoto wa miaka mitano, mume hana, halafu anajitangaza kwamba ameelemewa? Huyu naye, nilisema moyoni, hawajui watu wa ofisini. Jumatatu iliyofuata chekundu tena, nami nikaandika kijani tena. Zikafika Jumatatu tisa.

Yeye sikumwambia kitu. Nilimtania kama mawifi wanavyotaniana, kwamba kola zake zina maringo kumshinda mwenyewe, na kila saa nne nilimpelekea chai. Mara nyingi niliikuta imepoa bila kuguswa. Nilimwona akiacha kushona na kujikandamiza kipaji cha uso kwa kiganja, nikajisemea atazoea. Nisiwe mwongo, nilikuwa naogopa pia. Marehemu alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wake, na nilijua tukikaa tu tukaanza kumtaja, mimi ndiye nitakayeangua kilio mbele ya mstari mzima.

Jumatano ya wiki ile ya tisa alianguka ubavu kutoka kwenye kiti chake. Hospitali walisema ni kiharusi, na presha ilikuwa imepanda siku nyingi bila mtu kuipima.

Siku ya tano nilikwenda kumwona pamoja na Bi Pumua. Tulimkuta ameegemea mito, mdomo umepinda kidogo, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama si wake. Maneno yalimtoka polepole, lakini tulimwelewa.

Bi Pumua akaushika mkono ule. "Mama, mbona hukutuambia? Kuna mwenzako wa chumba cha kukatia tulimpumzisha mwezi uliopita, karudi mzima kabisa. Na wewe tungekupumzisha."

Kumbe ilikuwa kweli.

"Niliwaambia," wifi alisema. "Niliweka chekundu. Kila Jumatatu."

Bi Pumua akatoa fomu kwenye mkoba, akapitisha kidole juu ya namba ya wifi, fomu moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho. Zote kijani. Akazikunja taratibu. "Usijali, mama. Daktari ametuambia kumbukumbu zinaweza kuchanganyika kidogo. Zitarudi."

"Labda," wifi akasema. "Labda sikuweka." Machozi yakaanza kumtoka. Akanigeukia. "Lakini wifi, si wewe ndiye unayekusanya? Niambie. Na akili nayo imekwenda?"

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, na kazi yangu ingebaki salama. Lakini mkono wake ulikuwa umeshakwenda, na nilichotakiwa kumwibia sasa ni akili yake.

"Akili yako nzima," nikasema. "Uliweka chekundu mara zote tisa. Mimi ndiye niliyeandika kijani. Niliogopa watakuachisha kazi."

Bi Pumua alinitazama. Nilimsubiri wifi anitukane. Nilitamani sana anitukane.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unaviona," akasema.

"Nilikuwa naviona."

"Mimi nilidhani hakuna anayejua. Nilikuwa nakaa pale nasema, angejua hata mmoja tu, angekuja." Akanitazama. "Na wewe ulikuwa unakuja kila siku, wifi. Mbona hukuniuliza?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa nikimuuliza nitalia.

Akageuzia uso ukutani. "Ndicho nilichokuwa nakitaka," akasema. "Mtu wa kulia naye."