Alhamisi Nyuma ya Duka la Rangi

Mimi ni dobi, na siri za watu wa mtaa huu zimepita mikononi mwangu. Mfukoni hamkosekani kitu: picha, tiketi ya basi, hereni moja ambayo si ya mke. Marehemu mke wangu ndiye aliyeweka utaratibu: kinachookotwa mfukoni kinafungwa kwenye karatasi, kinarudishwa juu ya nguo zilizokunjwa, na mdomo unafungwa pia. Hatukuuliza. Tulicheka wawili tu, mlango tumeshaurudishia.

Sasa niambie, mtu kama mimi, uzeeni huku, nawekewa kidude mkononi cha kunisengenya kutwa nzima!

Ni kidogo kama punje ya mchele, kimelala chini ya ngozi karibu na kiwiko. Binti yangu, karani wa benki, ndiye aliyenishikia bango nikiweke mara tu mama yake alipofariki. Kinapeleka kwenye simu yake mapigo ya moyo wangu, joto langu na mahali nilipo. Siku za mwanzo mvuke wa pasi ulikichemsha nikiwa kazini, kikatangaza kwamba nina homa kali. Gari la wagonjwa likaja mpaka mlangoni, king'ora juu. Wateja wakaja kunipa pole huku wanachungulia kama nguo zao ziko salama. Hapo nilikasirika, lakini nilicheka pia.

Kilichonikera hasa ni habari ya Alhamisi.

Alhamisi mchana nafunga kazi mapema, naenda kwenye duka la rangi mtaa wa pili. Nyuma yake kuna chumba kimoja, siku hizi ni stoo ya madebe. Mimi na mke wangu tulianzia maisha humo. Kitanda upande huu, meza ya pasi upande ule, na katikati nafasi ya kupita mmoja, mwingine asubiri. Yeye alichovya vidole kwenye bakuli la maji akanyunyizia mashati. Mimi nilipuliza maji kwa mdomo, kama nilivyofundishwa kazi, naye akisema iko siku mteja ataniona na tutalala njaa. Nikimpuuza, alinimwagia bakuli zima kichwani. Jamani, nilikuwa na raha mie! Siku hizi mwenye duka ananiachia ufunguo, nakaa juu ya debe, nalia mpaka nitosheke. Nyumbani silii, maana binti yangu akiniona na machozi hali chakula.

Alhamisi moja mlango ukasukumwa. Binti yangu huyo, anahema, viatu mkononi. Simu ilikuwa imemwambia kwamba moyo wangu unakwenda mbio na sijasogea hata hatua, akatoroka kazini. Akanikuta mashavu yamelowa.

Nilimfokea. Nilimwambia nimetunza mifuko ya watu maisha yangu yote, na yeye ananipekua mpaka kifuani, hata kilio changu kinasomwa benki. Nikasema kesho nakwenda kukitoa, potelea mbali. Alisikiliza yote amesimama pale pale mlangoni.

"Mama alipoanguka jikoni," akasema, "mimi nilikuwa sebuleni, baba. Nilikuwa nimefungulia redio. Nikasikiliza wimbo mpaka ukaisha, ndipo nikaenda kumuuliza chai imefikia wapi."

Hilo sikuwa nalijua. Hakuwahi kumwambia mtu. Hasira zote zikaniishia. Nikamvutia debe akakaa, nikamwonyesha kitanda kilikuwa wapi.

Tukakubaliana hivi: kidude kibaki, lakini Alhamisi mchana anakizima kwenye simu yake, na haniulizi kitu. Alikubali, ingawa nilimwona anavyojikaza.

Alhamisi iliyofuata nikakaa stoo peke yangu, hakuna anayenichungulia. Si ndicho nilichokuwa nakipigania? Lakini machozi yaligoma. Kila nikimtafuta mke wangu, namwona yule mtoto nyuma ya kioo cha benki, anawachekea wateja, hajui kama baba yake anapumua. Nikavumilia weee, nikashindwa. Nikampigia.

"Niko kwa mama yako," nikamwambia. "Mzima kabisa."

Nilimsikia anamwomba mteja asubiri kidogo.

"Msalimie," akasema.

Nikaweka simu chini, nikamfikishia salamu zake.