Kusoma kwa Ghibu

Mwalimu wa Mize alishasema: skuli zikifunguliwa na mtoto hajui kusoma, anabaki darasa la kwanza tena. Basi maktaba ilipotangaza masomo ya likizo, na zawadi kwa kila mtoto atakayesoma kitabu mbele za watu bila ya kukwama, dada yangu Sichana akamwandikisha Mize, binti yake. Kazi ya kumpeleka akanipa mimi, niliye nyumbani tu Kikwajuni tangu nimalize skuli ya msingi.

Alipewa kitabu cha kuku aliyekataa kulala bandani. Nikamsomea ajue habari yake, kisha nikamwachia. Haikupita wiki anakimaliza chote, akiyumba mbele na nyuma kama yuko chuoni kwa Kurani na juzuu yake. Dada akatoka jikoni na mwiko mkononi, machozi yanamlenga.

Mimi nilikuwa natazama kurasa. Mdomoni kuku keshaparamia mfenesi, kitabuni bado yumo bandani. Nikaweka kidole kwenye neno moja, nikamuuliza ni lipi. Akarudi mwanzo wa hadithi, akaja nayo mbio mpaka akalifikia.

Nikamwambia Dada mtoto hasomi, kashika kwa ghibu. Akanijibu kuwa chuoni watoto wote huanza hivyo hivyo, na hakuna anayewaita wajinga.

"Mwache mwanangu. Wewe uliyesoma umefika wapi?"

Jioni nikawa namkalisha Mize, nafunika picha kwa kiganja, namwonesha neno moja moja. Anakisia, ananuna, anakwenda zake kucheza.

Siku ya zawadi nilimfuata Bwana Mkadam wa maktaba, nikamwomba amuulize neno moja tu la katikati. Akacheka.

"Bi mdogo, masikio yangu mazima. Nitamsikia."

Kweli alimsikia. Watu wazima wakaitikia mashaallah, na Mize akapewa kitabu kipya, kinene kuliko kile.

Njia nzima alikikumbatia. Tulipofika barazani akaniwekea mapajani.

"Mama mdogo, nisomee. Nitashika upesi."

"Msomee basi," Dada akasema toka dirishani, "unangoja nini?"

Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, nikafumba mdomo. Mize akanitazama usoni, akingoja. Alipoona sisemi, akaanza kulia, na Dada akaanza kunitukana. Kidole sikukiondoa.