Dakika Kumi za Kusikiliza

Kvido alibeba ngazi upande wa mbele, rafiki yake Hynek upande wa nyuma. Pembeni yao alitembea mhandisi Hrubeš wa ofisi ya masafa ya redio, na kimashine kinacholia tii, tii kifuani. Walikuwa wanatafuta antena inayoivuruga rada ya hali ya hewa. Antena yenyewe ilikuwa ya Kvido. Yeye alijua, wenzake hawakujua, na ngazi nayo ilikuwa yake. Jamani, kuna balaa kama hiyo?

Mhandisi alimpigia simu asubuhi. "Bwana Kvido, wewe ndiye unayewauzia watu intaneti hapa Dolní Brázda. Mapaa yote unayajua. Nisaidie." Angekataa vipi? Angejitia kitanzi mwenyewe. Aliwaza kuizima antena, lakini kijiji kizima kilipata intaneti kupitia hiyo hiyo. Akiizima, mama yake angetoa kichwa dirishani mbele ya mgeni na kupiga kelele, "Kvido, imekatika tena!" Akiiacha, kimashine kingeifikia. Aligeuza mambo huku na huku, hakuona pa kutokea.

Na chanzo chake ni upuuzi mtupu. Kanuni za Ulaya zinasema antena za masafa yale, kila zinapowashwa, zikae kimya dakika kumi zikisikiliza kama rada ya hali ya hewa inatumia njia hiyo. Zikiisikia, zihamie njia nyingine. Dakika kumi tu! Lakini umeme wa kijijini ulikuwa haukawii kuyumba, kifaa kinaanza upya, na simu ya Kvido haipumui. Basi siku moja akaingia kwenye mipangilio, palipoandikwa nchi, akaitoa Ucheki na kuchagua kisiwa fulani ambacho hata kukionyesha kwenye ramani hawezi. Kisiwani huko hakuna kungoja. Mafundi wenzake nao walifanya hivyo hivyo, wakacheka, wakaagiza bia.

"Mbona jasho, Kvido?" Hynek akamtania. "Ngazi hii hii ulikuwa unaikimbiza. Umezeeka au ni yale madonge ya unga ya mama yako, zile knedlíky?"

"Jua," Kvido akajibu.

Kimashine kikazidi kulia. Kiliwapitisha kanisani, kikawapitisha baa, kikawaingiza uani kwa Hynek, hadi kwenye jengo refu la matofali la kukaushia hopsi, ule mmea unaoipa bia uchungu. Kilipofika ukutani kililia mfululizo.

"Hapa kimekosea, bwana mhandisi," Hynek akasema. "Juu kuna antena ya Kvido tu. Na Kvido namjua tangu tunavaa kaptura."

Waliegemeza ngazi ukutani, wakapanda wote watatu mpaka kwenye jukwaa la fundi, chini ya antena. Mhandisi akainama, akasoma kibandiko.

"Alama ya Ulaya ipo. Kifaa hiki kilipimwa, kikafaulu. Kinajua kusikiliza. Nauliza tu, nani amekiziba masikio?"

Kvido akajifanya anakagua nyaya.

Hrubeš akatoa karatasi. "Hii ni picha ya rada, tarehe kumi na nne Julai, saa tisa alasiri. Mnauona mstari huu? Unatoka kwenye rada mpaka hapa tuliposimama. Kompyuta za watu wa hali ya hewa zinaufuta ili watu wasichanganyikiwe. Siku ile ziliufuta pamoja na wingu la mvua ya mawe lililokuwa nyuma yake. Ramani ikatoka safi."

"Tarehe kumi na nne," Hynek akasema polepole.

"Nasikia kuna mama aliumia shambani."

"Mke wangu."

Hynek akakaa chini kwenye bati. Blanka siku ile alikuwa juu ya trela yenye jukwaa refu la kufungia nyaya zinazopandwa na hopsi, mita sita hewani. Mvua ya mawe ilimkuta huko huko, ikamtoa jicho la kushoto. Hayo kijiji kizima kiliyajua. Lililofuata Hynek hakuwahi kumwambia mtu.

"Aliniuliza ashuke, maana mbingu haikumpendeza. Nikatazama simu, ramani safi. Nikamwambia, malizia mstari huo kwanza, mke wangu. Wiki sita sijalala. Najiambia sikuangalia vizuri, macho yangu mabovu."

Kvido akakumbuka. Wiki ile ile, kwenye baa, yeye ndiye aliyewatukana watu wa hali ya hewa kuliko wote, na Hynek akamshukuru.

"Jengo la nani?" mhandisi akauliza, kalamu mkononi.

"Langu," Hynek akajibu.

Kalamu ikaanza kuandika jina la Hynek. Kvido angeweza kunyamaza. Mungu anajua alitaka kunyamaza! Lakini Hynek alikuwa amekaa pale, macho yake mazima kabisa, akiyalaumu.

"Futa," Kvido akasema. "Niliyekiziba masikio ni mimi. Hynek hajui kitu. Na wewe Hynek, uliangalia vizuri. Ramani niliiharibu mimi."

Mhandisi hakushangaa hata kidogo. Pengine alijua tangu asubuhi. "Rekebisha mbele yangu," akasema. Kvido akafungua kompyuta, akairudisha nchi yake. Taa ya kijani ya antena ikazimika. "Nitaangalia matokeo nikiwa garini. Barua ya ofisi itakufuata," Hrubeš akasema, akashuka.

Simu ikaanza kuita. Mama. Baa. Mwalimu. Mama tena. Kvido hakupokea.

"Itachukua muda gani?" Hynek akauliza.

"Dakika kumi."

"Dakika kumi, Kvido?"

"Watu walikuwa wanalalamika."

"Nani?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Siku ya mechi ya hoki Hynek alipiga simu mara nne, akamtukana eti fundi wa vibiriti. Kvido akalimeza.

"Watu tu."

"Mimi," Hynek akasema. "Nilikupigia mara nne. Nilitaka hoki. Ungeniambia ningoje, ningekutukana, ningengoja."

Wakakaa wakiitazama taa. Chini yao jengo lilikuwa limejaa hopsi za msimu, harufu yake kali ikipanda kwenye matofali. Kupitia dirisha la nyumba walimwona Blanka akipita na kitambaa chake usoni, mkono mmoja ukipapasa meza.

Taa ya kijani ikawaka. Antena ilikuwa imesikia rada, ikahamia njia nyingine yenyewe, bila kelele, bila hasara kwa mtu yeyote.

Hynek akasimama, akashuka ngazi bila kumtazama. Alipofika chini aliikamata ngazi, akaiondoa ukutani, akailaza kwenye nyasi taratibu. Kisha akaingia ndani kwa mkewe na kufunga mlango.

Simu ikaita tena. Safari hii Kvido akapokea.

"Imerudi, mwanangu!" mama yake akasema kwa furaha. "Nzuri kuliko zamani. Uko wapi?"

"Juu, kwa Hynek."

"Basi shuka, chakula kinapoa."

"Siwezi, mama," Kvido akasema, akiitazama ngazi kule chini kwenye nyasi.