Moto wa Kwanza Nyansiongo

Mwaka wa 1965 serikali ilipogawa mashamba ya wazungu kule Nyansiongo, ilimpa mume wangu Ombati kipande pamoja na mabati ya nyumba moja. Moja tu, na sisi wake tulikuwa wawili.

Ombati alimtanguliza Nyangate, mke mdogo, akalinde shamba. Mimi nilibaki nyumbani Kiogoro kuvuna wimbi. Afisa wa makazi alipofika alimkuta yeye, akaandika jina lake, na nyumba ikajengwa.

Habari ilinifikia sokoni.

"Mama Ogari, mwenzako ana mabati," aliniambia Mong'ina, muuza ndizi. "Nyasi zako bado hazijavuja?"

Nilicheka naye, lakini siku hiyo sikula. Kwetu mke mdogo hakulala katika nyumba mpya kabla mke mkubwa hajawasha moto wa kwanza humo. Na msichana yule ni mimi niliyemchagulia Ombati.

Baada ya mavuno nilihamia Nyansiongo. Sikumsalimu. Mabati yaling'aa hadi yakaniumiza macho. Nikaingia ndani nione kitanda chake. Hakikuwapo. Mafiga yalikuwa safi, hayana hata jivu.

"Unalala wapi?"

Alinionyesha kibanda cha nyasi kando ya zizi, kimeinama upande mmoja.

"Miezi yote mitatu?"

"Nilikuwa nakungoja, Mama Ogari." Akakohoa. "Afisa amesema akinikuta tena kibandani, nyumba atampa mwingine. Anarudi kesho."

"Hukumweleza?"

"Ningemweleza nini? Hana mke hata mmoja."

Ningeweza kukaa tu hadi kesho, nyumba iende, sote tubaki na nyasi. Sifichi, niliwaza hivyo, na wazo lilikuwa tamu. Kisha nikaona ungo niliompa alipoolewa. Ulikuwa umetundikwa kibandani, mahali pekee pasipovuja. Blanketi lake lilikuwa limelowa.

"Lete kuni," nikamwambia.

Kesho yake afisa alimkuta Nyangate akikoroga uji katika nyumba yake, akaandika, akaenda zake. Mimi nilichukua kibanda, Ombati akakiezeka upya.

Mvua iliponyesha niliyasikia mabati yale yakiunguruma, na wivu ulinirudia kila mara, kwa miaka mingi. Asubuhi nilikuta mtungi mlangoni pangu, umejaa maji ya paa lake. Niliyanywa. Yalikuwa matamu kuliko ya mto, lakini hilo sikumwambia.